Kifupisho kimoja kitoe maneno tofauti katika kila programu: inawezekana?

Swali

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni karani, na sehemu kubwa ya siku yangu huishia katika kuandika barua rasmi kwa Word na kujibu barua pepe kwa Thunderbird, vyote katika Windows. Nimeweka Espanso, programu inayogeuza vifupisho kuwa maneno kamili, na kila nikiandika ;slm hutokea "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kwenye barua inanifaa sana. Tatizo ni kwamba juzi nilimwandikia mwenzangu barua pepe ya mistari miwili kumwomba ufunguo wa stoo, nikaituma bila kuisoma, naye akauliza kichwa chenyewe cha habari kiko wapi. Je, naweza kukitumia kifupisho hichohicho, lakini kwenye Thunderbird kilete "Habari za kazi," tu?

Jibu la 1

Inawezekana, ndugu. Ndani ya folda ya match tengeneza faili mbili, _barua.yml na _pepe.yml, kila moja ikiwa na ;slm yake; alama ya mstari wa chini mwanzoni mwa jina ndiyo inayoizuia Espanso kuzipakia faili hizo kila mahali. Kisha katika folda ya config andika word.yml yenye mistari hii:

filter_exec: "WINWORD"
extra_includes:
  - "../match/_barua.yml"

Fanya vivyo hivyo kwa Thunderbird, ukiielekeza kwenye _pepe.yml. Usisahau kukifuta kifupisho cha zamani katika base.yml, faili ya vifupisho ya kawaida ya Espanso, kwa sababu kikibaki utakuwa unaletewa kidirisha cha kuchagua kila unapokiandika. Ukiwa hujui jina ambalo Espanso inaitambulia programu fulani, fungua programu hiyo uandike #detect# nayo itakuonyesha. Kwa wanaosomea Gmail ndani ya kivinjari, filter_title ndiyo inayofaa, kwa kuwa hutazama kichwa cha dirisha.

Jibu la 2

Mimi hutumia AutoHotkey, programu nyingine ya vifupisho kwa Windows, ambako vifupisho vya Word hutanguliwa na mstari #HotIf WinActive("ahk_exe WINWORD.EXE") na kufungwa kwa #HotIf tupu. Hiyo ni kwa toleo la 2. Maelezo mengi ya zamani bado yanataja #IfWinActive, ambayo humo haifanyi kazi. Wengine watakushauri utumie masahihisho ya kiotomatiki (AutoCorrect) ya Word yenyewe, lakini orodha hiyo hutumiwa pia na programu nyingine za Office, kwa hiyo anayeandika barua pepe kwa Outlook angerudi palepale.

Muulizaji

Nashukuruni. Mara ya kwanza Espanso ilikataa kabisa kuisoma word.yml, nikapoteza karibu saa nzima nikikagua majina ya faili, kumbe mstari wa mwisho niliusogeza kwa kitufe cha Tab, na YAML, yaani mtindo wa kuandikia faili hizi za .yml, hukubali nafasi za kawaida tu mwanzoni mwa mstari. Nimeweka nafasi mbili, na sasa ;slm inafuata dirisha nililomo.