Wafungwa wa vita walicheza besiboli kweli, au mchoraji katia chumvi?

Kipanga_255: Wakuu habari za jioni. Kuna mchoro wa zamani nimeuona, wafungwa wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani (1861-1865) wanacheza besiboli (ule mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo na kukimbia) ndani ya gereza la Salisbury, North Carolina, watu wamekaa wanatazama kama sikukuu vile. Sasa mfungwa wa vita nguvu ya kukimbia anaitoa wapi? Mwenye uelewa anisaidie.

Mwl_Historia: Mkuu, huyo mchoraji ni Otto Boetticher, kapteni wa jeshi la Kaskazini lililokuwa linapigana na Kusini wenye gereza hilo, na yeye mwenyewe alifungwa hapohapo mwaka 1862, kwa hiyo mchezo aliuona kwa macho yake, hata kama mandhari kayapamba kidogo. Cha kuangalia ni mwaka. Wakati ule gereza halijajaa, na pande mbili zilikuwa zinabadilishana wafungwa, hata yeye alitoka kwa njia hiyo. Mabadilishano yalipovunjika 1863 ndo balaa likaanza. Mwishoni mwa 1864 Salisbury ilikuwa na watu kama 10,000 sehemu iliyoandaliwa kwa 2,500 hivi, njaa, kuhara, baridi, wakafa kwa maelfu. Hapo nani ana hamu ya kushika fimbo? Ndo maana inaniuma watu wakiusambaza huo mchoro bila kutaja mwaka, unaonekana kama gereza lilikuwa hivyo miaka yote.

Binti_Pangani: Asante mwalimu. Mi naongezea kwenye mchezo wenyewe, glavu hakuna, na sheria zilikuwa za aina mbili kubwa. Ile ya Massachusetts unamlenga mkimbiaji na mpira, ukimpata katoka, yaani kama rede yetu kabisa! Ya New York hairuhusu hivyo, mpigaji anarushiwa mpira mkono ukiwa chini, na ndiyo iliyokuja kushinda.

Kipanga_255: Nimeelewa sana. Je wa Kusini waliofungwa Kaskazini, nao walicheza?

Mwl_Historia: Walicheza. Kisiwa cha Johnson's Island, Ziwa Erie, kulikuwa na gereza la maafisa wa Kusini, na 1864 hiyohiyo waliunda timu zao wakapambana humo ndani. Lakini hao ni maafisa mkuu, Salisbury ya mwisho ilijaa askari wa kawaida, wengi wakilala kwenye mashimo waliyochimba wenyewe.