Tupeane uzoefu: Kumbukumbu uliyokuwa tayari kuiapia, kumbe mambo hayakuwa hivyo

Mdadisi: Wakuu, nimeanza kusoma saikolojia ya utambuzi, yaani jinsi akili inavyopokea habari, kuzitunza na kuzitoa, na nimekwama kwenye kumbukumbu. Mwanasaikolojia Ulric Neisser, aliyeipatia taaluma hii umaarufu kwa kitabu chake cha mwaka 1967, tangu utotoni alikuwa na hakika kwamba habari za shambulio la Japani kwenye kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Pearl Harbor zilimkuta akisikiliza besiboli redioni. Akaja kushtuka ukubwani: shambulio lilikuwa tarehe 7 Desemba 1941, na Desemba siyo msimu wa besiboli! Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipolipuka mwaka 1986, kesho yake tu aliwataka wanafunzi waandike jinsi walivyoipata habari. Baada ya takriban miaka miwili na nusu wakaulizwa tena. Wengi walisimulia mambo mengine, tena kwa kujiamini. Nani yamemkuta?

Kitindamimba: Mimi na dada yangu kila mmoja anadai ndiye aliyefungiwa stoo tulipokuwa tunacheza kujificha. Naikumbuka harufu ya rangi, mwanga mwembamba chini ya mlango, kucha zangu zikikwaruza mbao. Naye anavyo vyote hivyo, na anaongeza kuwa siku hiyo alikuwa na homa. Mama alipoulizwa akasema aliyefungiwa ni mtoto wa jirani.

Kichwa Kigumu: Mimi sisahau kitu.

Mdadisi: Mkuu, nyie ndio tunaowatafuta.

Karani wa Bima: Nimechukua maelezo ya ajali kwa miaka mingi. Swali likikaa vibaya, shahidi umemharibu. Wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer walilipima hili mwaka 1974: watu walitazama filamu ya ajali, kisha wengine wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Waliosikia "yalipopondana", 16 kati ya 50 walisema ndiyo. Wale wa "yalipogongana", 7 kati ya 50. Kwenye filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika. Ndiyo maana mimi humwambia mtu "hebu nisimulie", halafu nanyamaza.

Mama Shajara: Nilikuwa nawasimulia wanangu nilivyowajibu wale wa usaili wa kazi kwa ujasiri hadi wakacheka. Juzi nimefungua shajara ya mwaka ule: "Nimetoka nikitetemeka, swali la pili sikulijibu." Mwandiko ni wangu, ila kile kicheko bado nakisikia mpaka leo. Nadhani kila nilipoisimulia niliirekebisha kidogo, na safari iliyofuata nikaanzia pale nilipoachia. Wino haukusogea.

Kitindamimba: Karani, mashahidi wawili wakipingana, na wote wanaapa, mnamwamini nani?

Karani wa Bima: Tunakwenda kupima alama za breki barabarani.