Naomba ushauri: duma anatembea bila kutulia wageni wakijaa

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mwanafunzi hapa Nairobi. Mradi wangu ni kuangalia kama wageni hubadilisha tabia ya duma anayetunzwa katika kituo kimoja cha wanyama.

Jumanne asubuhi watu wakiwa wachache, hulala chini ya mti, ncha ya mkia tu ndiyo inayotikisika. Jumamosi, mabasi ya shule yakishafika, huenda na kurudi kandokando ya uzio, mpaka nyasi zimekwisha na kubaki udongo mtupu. Inaniuma kumwona hivyo.

Kila baada ya dakika 2 huandika anachofanya, pamoja na idadi ya watu. Shida ni kwamba wikendi wageni hujaa karibu na saa ya kulishwa, na akisubiri nyama hutembea vilevile. Mwaka 2020, bustani za wanyama zilipofungwa kwa sababu ya Korona, watafiti waliweza kulinganisha. Mimi sina siku isiyo na wageni kabisa.

Nitatenganishaje njaa na umati? Na kelele niipime peke yake, au idadi ya watu inatosha? Aliyewahi kufanya kazi kama hii anisaidie tafadhali.