Mtoto kafeli usaili wa darasa la kwanza: chekechea ya michezo inawasaidia watoto au inawapotezea muda?

MamaZawadi
Habari za jioni wakuu. Jambo hili limeninyima usingizi, naomba tulijadili. Mwanangu ana miaka mitano na miezi kumi. Miaka miwili amesoma chekechea ya hapa mtaani kwetu Mbagala ambako kazi kubwa ni michezo: kufinyanga udongo, kuhesabu vizibo, duka la kuigiza, bembea, hadithi. Jumamosi nikampeleka usaili wa darasa la kwanza kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wakampa imla ya maneno kumi na hesabu za kujumlisha za tarakimu mbili. Akaandika jina lake na neno moja, kisha akageuza karatasi akachora kuku. Mwalimu msimamizi akaniambia mtoto akisikia, "Mama, huyu hajafundishwa kitu." Kwenye daladala hakusema neno mpaka tunashuka. Usiku ndiyo kaniuliza, "Mama, kwani kuku nilimkosea wapi?"

Swali langu: chekechea zikazanie KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), au watoto waachwe wacheze? Nataka kujua kama nimhamishe.

BabaWatatu
Pole dada, ila mimi nitakwambia ukweli. Unalipaje ada ili mtoto akachezee udongo? Udongo si upo uani, bure kabisa. Wanangu wote watatu walishika daftari wakiwa na miaka mitatu, na mkubwa leo yuko kidato cha tatu anaongoza darasa. Chekechea isiyo na daftari ni mahali pa kuachia watoto wazazi wakienda kazini, basi. Na tusifichane, hawa walimu wa vidudu wengi wao ni waliofeli kidato cha nne. Kufundisha hawawezi, ndiyo maana wanajificha kwenye michezo.

FundiChaki
Mimi ni mwalimu wa vidudu. Mwaka wa 11 sasa, shule ya serikali. Kidato cha nne nilipata daraja la tatu, nikasomea astashahada ya ualimu wa elimu ya awali miaka miwili, na hakuna siku niliyojificha popote.

Unajua darasani kwangu mwaka huu wako wangapi? 117. Mwongozo unasema mwalimu mmoja watoto 25. Njoo asubuhi moja tu, ndugu yangu, ukae na watoto 117 kwenye sakafu, uone kama mchezo ni maficho. Kuwapanga mstari wakariri a, e, i, o, u ni rahisi mno, hata mgambo anaweza. Kazi ni kuwagawa kwenye kona: hawa duka, hawa udongo, hawa vitabu, hawa maji na vikombe, halafu uzunguke ukijua nani ameanza kuhesabu kwa maana na nani anakariri kama kasuku.

Mwaka juzi nilikuwa na binti mmoja, tangu Januari hadi Machi hakutoa sauti darasani. Mama yake akadhani ni bubu shuleni tu. Siku moja nikamweka kwenye kona ya duka, maboksi matupu ya sabuni na vizibo ndiyo pesa. Mwenzake akatoa vizibo viwili achukue boksi. Yule binti akamshika mkono: "Haitoshi. Bado kimoja." Nilisimama pale nikashindwa kuendelea na kazi. Ile ni hesabu, ni lugha, ni ujasiri, vyote kwa mara moja. Niambie ni daftari gani lingemtoa sauti.

KisimaChaIlala
Mwalimu nakuheshimu, ila umeniumiza mwanzo kabisa. Na wewe mwenyewe unasema "mwalimu wa vidudu"? Kidudu ni mdudu mdogo. Mtoto wa mtu unamwita mdudu halafu tunashangaa kwa nini jamii inaona elimu ya awali ni ya kupita tu.

Mkongwe wa Tabora
Acha hizo kijana. Sisi tumesoma vidudu miaka ya sabini na hakuna aliyejiona mdudu. Ni neno la mapenzi, kama bibi anavyomwita mjukuu "kidudu changu".

KisimaChaIlala
Bibi yako ana haki hiyo kwa sababu anakupenda. Mwandishi wa tangazo la kazi hana. Niliwahi kuona limebandikwa kwenye nguzo ya umeme, "Anahitajika dada wa kulea vidudu." Hapo mapenzi yako wapi mzee wangu?

BintMkunazini
Kwetu Unguja tunasema skuli ya maandalizi, na neno lenyewe linakwambia kazi yake. Mtoto anaandaliwa. Sera ya elimu ya 2006 ndiyo iliyoingiza maandalizi ya miaka miwili kwenye elimu ya lazima. Na tukawa na vituo vya Tucheze Tujifunze, watoto wanakaa chini ya mwembe au barazani kwa mtu, redio inapiga kipindi, mlezi anawaongoza: simama, ruka mara tatu, leta kijiwe, weka ndani ya duara. Hakuna dawati wala jengo. Mpwa wangu kapita huko, kafika darasa la kwanza anajua hesabu zake barabara. Hata skuli za awali za madrasa, zilizoanzia Mombasa miaka ya themanini na kufika kwetu 1990, zilifanya hivyo hivyo. Vifuu, makombe ya pwani, mbegu, kamba za ukindu. Mtoto anapanga makombe makubwa huku, madogo kule. Ndiyo hesabu yenyewe hiyo. Kwa hiyo BabaWatatu asituambie mchezo umeletwa na wazungu.

BabaWatatu
Sijataja wazungu popote, nionyeshe. Lakini kwa kuwa mmewataja, sawa. Kila kibao cha shule Dar kimeandikwa Montessori. Huyo si Mwingereza aliyekuwa akifundisha watoto wa matajiri? Watoto wa matajiri wacheze, wana urithi. Wa kwangu atarithi nini?

Dr wa Mtaa
Montessori alikuwa Mtaliano, tena daktari wa tiba. Shule yake ya kwanza ilifunguliwa Roma mwaka 1907, mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa makabwela. Ni watoto wa vibarua waliokuwa wanabaki peke yao wazazi wakienda kazini na kuchafua kuta za majengo. Yaani watoto kama wa Mbagala na Manzese. Kwamba leo jina lake linatumika kuuzia ada ya mamilioni si kosa lake. Na wengi walioandika kibao hicho, ukiingia ndani unakuta madawati mistari minne na fimbo nyuma ya mlango.

Mpwani wa Likoni
Salamu kutoka ng'ambo ya kivuko. Huku Kenya tuna PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali, chini ya kaunti, na mtaala unasema mtoto ajifunze kwa kucheza. Lakini kuna shule za kibinafsi bado zinawapa watoto mtihani wa kuingia gredi ya kwanza, na wazazi tunalipa tuisheni ya mtoto wa miaka mitano! Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kuingia, isipokuwa wa kumpangia darasa. Za kibinafsi zimejipatia mwanya. Ufini wanaanza shule na miaka saba na dunia nzima inawaonea wivu.

Dr wa Mtaa
Saba kweli, ila ongeza kwamba akiwa na sita anapita mwaka mzima wa elimu ya awali, na tangu 2015 ni lazima. Hawakai nyumbani wakisubiri.

Mkaguzi Mstaafu
Naomba nirudi kwenye swali la mama. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili tangu 2015 umejengwa juu ya KKK. Kusoma, kuandika na kuhesabu ndiyo kazi ya darasa la kwanza. Sasa shule inayompima mtoto imla kabla hajaingia darasa la kwanza inampima kitu ambacho yenyewe ndiyo inalipwa kumfundisha. Inachagua watoto ambao tayari wameshafundishwa, halafu mwisho wa mwaka inajisifia ufaulu. Hapa mtoto hajafeli.

Na kuhusu mkono: mtoto anayekamata penseli kwa ngumi na kutoboa karatasi, misuli ya vidole bado. Kufinyanga, kupasua maganda ya karanga, kutunga shanga ndiko kunakoijenga. Ukilazimisha daftari la mistari miwili kabla ya hapo unapata mwandiko mbaya na machozi.

Mkongwe wa Tabora
Mstaafu umenena, ila nirudi kwa kijana wa Ilala. Kama "vidudu" ni tusi, "chekechea" je? Kuchekecha ni kupepeta nafaka. Nalo ulifute?

KisimaChaIlala
Kupepeta unaondoa makapi ubakize punje. Afadhali niitwe punje.

BabaWatatu
Endeleeni na maneno. Mimi nina matokeo. Mwanangu wa mwisho nilimpeleka bweni 2021 akiwa bebi klasi, miaka minne. Likizo ya kwanza amerudi anasoma gazeti. Hao wa udongo wanaweza?

BintMkunazini
Subhanallah. Miaka minne bweni? Nani alikuwa anamfunika shuka usiku?

MamaZawadi
Kaka, wa miaka minne? Wa kwangu wa mitano bado anakuja kitandani kwangu saa tisa usiku akiota ndoto mbaya.

Mpwani wa Likoni
Ndugu, hapo umepotoka. Mtoto si mzigo wa kuweka stoo.

Dr wa Mtaa
Na ndiyo maana Kamishna wa Elimu alitoa waraka 2023 kuzuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, mwisho tarehe 1 Machi. Watu kama wewe ndio waliosababisha.

BabaWatatu
Watu kama mimi. Sawa. Mimi ni dereva wa lori, Dar kwenda Tunduma, wakati mwingine navuka mpaka hadi Lubumbashi. Mke wangu alifariki 2019. Mdogo alikuwa na miaka miwili. Mama yangu akamlea mpaka alipopata kiharusi. Dada wa kazi wa kwanza aliondoka na godoro, wa pili nilimkuta anampiga mtoto kwa mwiko. Wewe Dr unayeniambia "watu kama wewe", ungenilelea? Mstaafu angenilelea? Nilitafuta mahali penye ukuta, chakula na daftari. Daftari lilinifariji, kwa sababu nikifika baada ya wiki tatu lilinionyesha kuwa kuna kitu kimefanyika.

Dr wa Mtaa
Mkuu, nisamehe. Niliandika haraka.

FundiChaki
Baba, na mimi naomba radhi kama nilikujibu kwa hasira. Ulipotugusa walimu niliwaka. Lakini nikuulize jambo, si kwa ubishi. Aliporudi likizo ile anasoma gazeti, alikuwaje mengine?

BabaWatatu
Alikuwa kimya. Alikula haraka haraka mkono mwingine ameziba sahani. Na alikuwa anakuja anasimama mlangoni, mikono nyuma, kuniomba ruhusa ya kwenda kukojoa. Nyumbani kwake. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu.

Waraka ulipotoka nilihamia njia fupi, Dar–Morogoro, mshahara ukapungua. Sasa yupo nami. Jioni anacheza mdako na watoto wa jirani mpaka giza.

KisimaChaIlala
Mdako! Hapo umegusa moyo wangu. Kishimo, mawe kumi na mbili ndani, unarusha moja juu unayachota yote, unarusha tena unayarudisha na kubakiza moja nje. Ukimaliza unakwenda mbili mbili, halafu tatu tatu. Mimi nilijua kumi na mbili inagawanyika kwa tatu lakini haigawanyiki kwa tano kabla sijaingia darasani, kwa sababu kwenye tano tano mawili yalikuwa yanabaki na tunagombana.

Mkongwe wa Tabora
Kwetu mawe yanayobaki yanahesabiwa kuwa yako. Mlikuwa mnacheza vibaya huko Ilala.

BintMkunazini
Na kwetu ukigusa jiwe la jirani umetoka. Tena haikubaliki kuchota kwa mikono miwili.

Mkongwe wa Tabora
Mikono miwili nani amesema? Soma vizuri dada.

FundiChaki
Hivi ndivyo watoto wangu wanavyogombana kila siku, na mimi siwakatizi. Nawaacha wakubaliane sheria kwanza, ndipo warushe. Anayeshindwa kungoja zamu yake kwenye kishimo cha mdako atashindwa kungoja zamu ya kujibu darasani.

MamaZawadi
Wakuu nashukuru, lakini Ijumaa ndiyo mwisho wa kuwajibu ile shule. Wamesema wanaweza kumchukua akirudia awali kwao mwaka mmoja, ada milioni moja na laki nane. Shule ya msingi ya serikali iko mita mia tatu kutoka nyumbani, haina ada. Naogopa msongamano, na naogopa yale maneno ya yule mwalimu.

Mkaguzi Mstaafu
Nenda ile ya serikali kesho saa nne asubuhi, wakati wa masomo, usiende na barua wala na mtu. Simama dirishani darasa la kwanza dakika kumi. Angalia kama mwalimu anajua majina. Angalia kama kuna kitu ukutani kilichotengenezwa na mtoto. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye ile ya milioni. Aliyekwambia mtoto hajafundishwa kitu, mtoto akisikia, mimi nisingemkabidhi wangu hata kwa bure.

FundiChaki
Mama, ile karatasi unayo bado? Ya kuku.

MamaZawadi
Ninayo mwalimu, nimeikunja kwenye pochi.

FundiChaki
Hebu itazame miguu ya huyo kuku. Amechora vidole vingapi?

MamaZawadi
Vinne. Vitatu mbele, kimoja nyuma. Miguu yote miwili sawa. Na hapa chini kabisa, mwalimu, sikuwa nimeona, ameandika 8.

BabaWatatu
Nimetoka uani na tochi kuangalia kuku wa jirani. Ni vinne kweli.