MJADALA: Daktari wa kwenye simu aruhusiwe kutuandikia sindano za kupunguza uzito, homoni na peptidi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo nimeona nilimwage hapa tulijadili.

Dada yangu mkubwa alijaza fomu ya tiba mtandao kwenye simu akiwa amekaa kitandani. Maswali ya ndiyo na hapana, uzito na urefu akaandika mwenyewe, akapiga picha moja ya uso, akalipia. Siku chache baadaye kifurushi kikafika: kichupa kidogo cha semaglutidi, dawa ya sindano ya kupunguza uzito, na sirinji za insulini. Hakuna daktari aliyesikia hata sauti yake. Usiku ule akanipigia: "Mdogo wangu, karatasi inasema miligramu 0.25, lakini hii sirinji imeandikwa 10, 20, 30 mpaka 100. Nivute mpaka wapi?" Alikuwa ameshavuta mpaka 25.

Hapa naomba twende taratibu, maana ndipo watu wanapoumia. Sirinji ya insulini haihesabu miligramu, inahesabu yuniti, na yuniti 100 ni mililita 1. Kichupa chake kilikuwa na miligramu 2.5 kwa kila mililita. Kwa hiyo miligramu 0.25 ilikuwa mililita 0.1, yaani yuniti 10. Yeye kavuta 25, mara mbili na nusu ya dozi ya kuanzia. Kingekuwa kichupa cha miligramu 5 kwa mililita, mstari uleule wa 25 ungempa mara tano. Na dawa hii ukishajichoma huwezi kuitoa: baada ya wiki nzima karibu nusu yake bado iko mwilini. Nikamwambia aimwage ile, achukue sirinji mpya, tukahesabu pamoja kwenye simu.

Msidhani ni uzembe wa dada yangu. Mwaka 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari juu ya kosa hilihili kwa semaglutidi inayochanganywa famasi. Wapo waliojichoma mara 5 mpaka 20 ya dozi waliyopaswa kupata, na baadhi yao walilazwa hospitali.

Mimi simu sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwa yule anayekuandikia dawa kuwa yeye huyohuyo anayekuuzia, na akishauza humuoni tena. Mnasemaje?

Mchangiaji wa 2

Pole kwa dada, lakini mkuu mimi napingana na wewe, tena kwa nguvu zote. Tiba mtandao ndiyo iliyoniokoa.

Mimi ni mnene tangu utotoni. Niliwahi kwenda hospitali sikio linauma, nikaambiwa nipunguze kula. Sikio! Ukishaaibishwa namna hiyo mara tatu nne unaacha kwenda kabisa, na sukari inapanda huku umejifungia ndani. Daktari wa kwenye video ndiye wa kwanza kuniuliza nimeshajaribu nini, halafu akanyamaza anisikilize. Akanituma nikapime sukari ya miezi mitatu, figo na ini kabla hajaandika chochote.

Na hizi si dawa za urembo jamani. Utafiti wa STEP 1 uliotoka 2021 ulikuwa na watu 1,961. Kwa wiki 68 waliopata semaglutidi walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito, waliochomwa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Mwaka 2023 ukaja SELECT, watu zaidi ya 17,600 wenye ugonjwa wa moyo na uzito uliozidi lakini hawana kisukari: vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi kwa ujumla vikapungua kwa asilimia 20. WHO yenyewe, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2025 imeziingiza dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari aina ya 2 wenye ugonjwa wa moyo au figo pamoja na unene uliopitiliza.

Ukifunga mlango wa simu, mimi narudi kujifungia ndani. Wengine wataenda kwa wauzaji wa vichochoroni.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni mfamasia. Wote wawili mna haki ya kuongea mnavyoongea, ila niwaambie fomu ya ndiyo na hapana inakosea wapi.

Inakuuliza "una ugonjwa wa tezi ya shingo?" Unajibu hapana, maana wewe huna. Swali lenyewe lilitakiwa kuwa: kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata saratani ya tezi hiyo, ile aina inayoitwa medula? Hiyo ni onyo la juu kabisa kwenye maelezo ya dawa hizi. Inauliza "unatumia dawa nyingine?" Mtu anaandika hapana, kwa sababu hahesabu vidonge vya uzazi wa mpango kuwa ni dawa. Kumbe tirzepatidi, sindano nyingine ya kupunguza uzito, inaweza kupunguza nguvu ya vidonge hivyo, ndiyo maana wanashauriwa kuongeza kinga nyingine kwa wiki 4 tangu kuanza, na tena wiki 4 kila dozi inapopanda. Anayetaka mimba anatakiwa awe ameacha semaglutidi miezi miwili kabla. Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kisukari) sukari inaweza kumshuka ghafla. Mtu aliyewahi kuumwa kongosho, au mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo, anahitaji mazungumzo. Tiki haimtoshi.

Uingereza wameliona. Februari 2025 chombo kinachosimamia famasi huko kilisema famasi za mtandaoni zisitegemee fomu peke yake kwa dawa za kupunguza uzito: uzito, urefu na BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) vithibitishwe kwa njia nyingine, iwe video, ana kwa ana, au kumbukumbu za daktari wa mteja. Angalieni, hawakufunga mlango. Wameweka mtu mlangoni.

Halafu kuna bandia. Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari ya Ozempic (jina la kibiashara la semaglutidi) za kughushi zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Zilikuwa kwenye maboksi mazuri tu.

Mchangiaji wa 4

Mbona mnaongelea semaglutidi tu? Peptidi ziko nyingi na ni vitu vya asili, mwili wenyewe unazitengeneza. Mimi natumia BPC-157 kwa bega lililoumia gym, naagiza mtandaoni, na nipo vizuri. Watu wazima tuachiwe miili yetu.

Mleta mada

Ndugu yangu wa bega, nakuheshimu na nafurahi umepata nafuu. Lakini hilo neno peptidi linatuchanganya sana, na wanaouza wanalipenda kwa sababu hiyohiyo.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa amino asidi, basi. Insulini ni mojawapo, ina amino asidi 51, na imekuwa ikiokoa watu tangu 1922. Sumu nyingi za konokono wa baharini nazo ni peptidi. Kwa hiyo kuitwa peptidi hakukuambii kitu kuhusu usalama. Hata ile GLP-1 ya asili, homoni ambayo semaglutidi inaiiga, inayotoka kwenye utumbo wako ukila chakula, inavunjwa ndani ya dakika mbili hivi. Semaglutidi inakaa wiki kwa sababu imebadilishwa na binadamu, kisha ikajaribiwa kwa maelfu ya watu ndipo ikaidhinishwa. Tofauti iko hapo, kwenye kujaribiwa.

BPC-157 haijapitia njia hiyo. Ushahidi wake mwingi ni wa wanyama. Mwaka 2023 FDA iliiweka kwenye kundi la malighafi zenye mashaka makubwa ya usalama kwa famasi zinazochanganya dawa, na tangu 2022 wanamichezo wamekatazwa kuitumia. Soma kichupa chako: vingi vimeandikwa ni kwa ajili ya utafiti tu, si kwa binadamu. Mimi sikunyang'anyi mwili wako. Naomba tu yeyote anayekuuzia asijiite daktari wako.

Na kwa vijana wa kiume wanaofuatilia kimyakimya: testosteroni inauzwa kwa mtindo huohuo, "umechoka? hamu imepungua? bofya hapa". Testosteroni ya kutoka nje inauambia ubongo usiziamrishe tena korodani, na mbegu zinapungua, pengine kuisha kabisa wakati unaitumia. Kijana anayetaka mtoto mwakani anatakiwa aambiwe hili kwa mdomo. Na upungufu wenyewe haupimwi kwa maswali: ni damu ya asubuhi, mara mbili, siku tofauti.

Mchangiaji wa 2

Nimekuelewa zaidi sasa. Basi swali langu moja: daktari wangu wa kwenye video, anayenipima na kunifuatilia, naye umemweka kwenye kapu hilo?

Mleta mada

Hapana, ndugu yangu, na kama nimesikika hivyo nisamehe. Huyo wako ndiye ninayemtaka kwa wote. Niambie jambo moja tu: amekwambia itakuwaje siku ukiacha? Maana waliofuatiliwa baada ya STEP 1, mwaka mmoja tangu kuacha sindano walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Dada yangu amewaandikia mara mbili wale waliomuuzia, anauliza akitaka kuacha afanyeje. Kilichorudi ni tangazo la punguzo kwa kichupa kinachofuata.

Mchangiaji wa 2

Aliniambia siku ya kwanza, kabla hajaandika. Alisema huenda nikaitumia miaka, kama dawa ya presha, na kama siko tayari kwa hilo tusianze. Nilimwomba wiki mbili nifikirie, akanipa. Kila mwezi naongea naye, kila miezi mitatu napima. Mwezi wa tano nilikuwa natapika, akanirudisha dozi ya nyuma badala ya kunipandisha, na hiyo ina maana nilinunua dawa kidogo kuliko ilivyopangwa. Dawa yenyewe naichukua famasi nyingine, hana chochote anachopata humo.

Mchangiaji wa 3

Mleta mada, dada yako ana maumivu yoyote upande wa kulia chini ya mbavu, hasa baada ya kula? Akiwa nayo asisubiri majibu ya fomu, kinaweza kuwa kile kifuko cha nyongo nilichokitaja, aende akaonwe leo.

Mleta mada

Amesema anayo tangu juzi. Natoka sasa hivi kumchukua.