Mitego ya koyote inaganda usiku, nifunike na nini?

MfugajiIowa

Wakuu, naomba msaada kwa wanaoijua kazi hii. Kwa walio nyumbani: koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa, anafanana na bweha ila ni mkubwa zaidi, na huku Iowa, Marekani, wafugaji wa mbuzi wanamjua vizuri.

Mitego ni ya chuma, ya kubana mguu, saizi namba 2, yenye springi nne. Imetegwa kwenye udongo mfinyanzi kando ya njia ya trekta, na kufunikwa kwa udongo uleule uliochimbwa. Mchana ni nyuzi 3, usiku inashuka hadi -9. Asubuhi nyayo zinapita juu kabisa ya mtego na haujafyatuka. Mmoja umefukuliwa ukaachwa wazi. Tatizo ni udongo, harufu ya mtu, au mtego wenyewe? Halafu vigingi vya kuushikilia mtego havipigiki, ardhi imekuwa zege.

NtaNaMchanga

Mkuu, harufu iweke kando kwanza. Mnyama aliyeukanyaga mtego hakuuogopa. Ni udongo wako ndio umegoma.

Baridi peke yake haina shida. Udongo mkavu kabisa haugandi hata kwa -25, kwa sababu hauna maji ya kuushikamanisha. Kinachoharibu ni huko kuyeyuka mchana na kuganda usiku: jua linalainisha, maji yanaingia chini ya kibao cha mtego (kile anachokanyaga mnyama), na kufikia saa nne usiku mtego mzima umefungwa ndani ya tofali la barafu. Mfinyanzi ndio mbaya kuliko wote, unashika maji.

Dawa ni udongo uliotiwa nta. Chukua mchanga au udongo mkavu wa chini ya paa la banda, uchekeche kuondoa kokoto. Kwa ndoo ya lita 20, anza na nusu kilo ya nta ya mshumaa iliyokatwa vipande vidogo. Pasha moto mdogo kwenye pipa kuukuu, nje, ukikoroga hadi nta iyeyuke yote, kisha endelea kukoroga unapopoa, la sivyo unaganda mabonge. Upime kwa kudondoshea maji: yakisimama juu kama shanga, uko tayari. Yakizama, ongeza nta.

Kila mtego unataka lita 6 hadi 8. Wengi wanakosea hapa, wanaweka udongo wa nta juu tu. Chimba kitanda kipana kuliko mtego, tandika chini, jaza pembeni, halafu funika juu kwa unene wa sentimita moja tu. Chini ya kibao pabaki wazi. Funika kibao kwa kipande cha wavu laini wa dirishani ili udongo usiingie. Ukitumia karatasi ya nta, ifinyange kwanza mkononi, maana ikikakamaa kwa baridi inalia chini ya mguu na mnyama anaruka.

Ule uliofukuliwa ulikuwa unacheza. Baada ya kuutega, bonyeza kila upande wa taya kwa vidole. Ukitikisika hata kidogo, ng'oa uanze upya. Koyote akihisi kitu kinasogea chini ya unyayo, anafukua.

Jambo jingine dogo: usitoe mtego sebuleni ukauzike moja kwa moja. Chuma chenye joto kinayeyusha sakitu inayokizunguka, na baadaye maji yale yanaganda. Ulale nje usiku mmoja kwanza.

Juma_wa_Prairie

Chumvi je? Naona wengi wanaichanganya na udongo.

NtaNaMchanga

Inazuia kuganda, lakini inavuta unyevu na kuozesha springi, na swala wa huku pamoja na mbuzi wenyewe watakuja kuilamba. Na tafadhali, mtu asitumie kabisa maji ya rejeta ya gari kuzuia udongo usigande. Mengi yana ethilini glikoli: ni tamu, na mbwa akilamba kidogo figo zinakufa.

Mtaimbo

Nikujibu la vigingi. Nondo ya sentimita 60 inapita, ila tanguliza mtaimbo kuvunja tabaka lililoganda, kisha pigilia. Mbili zikikatizana chini kama mkasi ni bora kuliko moja. Jaribu kuing'oa saa nane mchana, wakati juu pamelainika. Asubuhi kila kigingi kinaonekana imara kwa sababu barafu imekishika. Mwaka ujao pigilia zote mapema Novemba na uziwekee alama.

Kuhusu mahali, tafuta mgongo wa kilima ambako upepo unafagia theluji, au chini ya mwerezi. Januari na Februari ni msimu wao wa kupandana, wanatembea sana na kuweka mipaka kwa mkojo, kwa hiyo mkojo wa koyote kwenye kisiki unafanya kazi kuliko nyama, ambayo ikiganda haitoi harufu. Ukichimba shimo la chambo, liwe na upana wa sentimita 8, kina 15 hadi 20, lilale kwa mshazari. Kibao kikae sentimita 20 hadi 25 kutoka mdomo wa shimo, kisogee kidogo kulia au kushoto, kwa kuwa mguu haukai mstari mmoja na pua. Upepo wetu mwingi ni wa kaskazini magharibi. Shimo liwe upande huo, mtego upande wa pili, ili mnyama anuse akiwa ameukabili upepo.

MamaMbuzi

Kaka, kabla ya yote, una hakika ni koyote? Mzoga wenye majeraha ya meno kooni ni wa koyote. Ukikuta mapaja yamechanwachanwa na mbuzi kadhaa wameumizwa ovyo, shuku mbwa wa jirani. Unyayo wa koyote ni mrefu na mwembamba, na mwendo wake umenyooka, mbwa anazungukazunguka.

Sheria ya Iowa inataka leseni, kibati chenye jina na anwani yako kwenye kila mtego, na ukaguzi kila saa 24. Mimi nasema nenda alfajiri, maana mguu uliobanwa kwenye -15 unaganda. Ukihamia jimbo jingine uliza upya: Colorado (1996), California (1998) na Washington (2000) wapiga kura waliibana mitego hii vikali.

Na uzio wa umeme usiusahau. Ardhi iliyoganda haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo pishanisha waya wa moto (wenye umeme) na waya wa ardhi (uliounganishwa na ardhi). Theluji ikirundikana uzioni iondoe, inakuwa ngazi.

MfugajiIowa

Asanteni sana. Kuna mbwa wawili wa kulinda mbuzi. Nao?

MamaMbuzi

Basi usitege popote wanapofika. Na jifunze kuufungua kabla hujautega: mfunike mbwa kichwa kwa koti zito, maana atakuuma hata wewe mwenye mbwa, kisha kanyaga vyuma vya springi vya pande zote mbili kwa wakati mmoja mpaka taya zilegee. Usivute mguu.