Wasifukazi wa mwanafunzi asiyewahi kuajiriwa

Mwanafunzi, Tudor: Waungwana, nipo mwaka wa tatu chuo kikuu hapa Mombasa, nami naomba mafunzo ya kazini kwa mawakala wa forodha wa bandari ya Kilindini. Je, wasifukazi wangu uwe na nini ilhali sijawahi kuajiriwa?

Mkaazi wa Likoni: Usidharau kazi ndogo. Ikiwa ulimsaidia mjomba dukani Kongowea, andika hasa ulilofanya: "Nilihesabu bidhaa kila jioni na kuzilinganisha na daftari la mauzo." Sentensi hiyo humwonyesha wakala kwamba unaweza kukagua hati za shehena, jambo ambalo "mimi ni mchapakazi", maneno ya kila mwombaji, hayawezi kumwonyesha.

Karani mstaafu: Naafiki, mwanangu. Barua ya maombi utakayoiambatanisha na wasifukazi isizidi ukurasa mmoja, na aya ya kwanza itaje nafasi unayoomba pamoja na tarehe za kuanza na kumaliza, kisha ueleze kwa nini umeichagua kampuni hiyo. Ambatisha barua ya utambulisho ya chuo na hati ya bima, kwani ofisi nyingi huzitaka. Wadhamini nao uwaombe idhini kabla ya kuandika nambari zao. Hiyo ni adabu.

Mwanafunzi, Tudor: Shukrani sana. Nitaanza na hesabu za duka la mama.